Nilivyotangazwa kwa Sauti ya Msiba

Kwanza hili lijulikane: mimi ni fundi wa friji, ni mwanamke, ni mzaliwa wa Waa, na karakana yangu iko Ukunda, nyuma ya barabara kubwa, upande wa wauza mitumba. Mtu akinitazama vibaya kwa sababu ya hayo, mimi humtazama vibaya zaidi. Watu huingia, wananikuta nimefunga leso kiunoni, bisibisi mkononi, kisha wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nami huwajibu, "Ametoka, keti umsubiri." Nawaacha wakae hapo kwenye benchi mpaka waone wenyewe ni nani anayeifungua hiyo mota.

Kwa miaka mingi kazi zangu zililetwa na mdomo wa mtu mmoja. Alikuwa mzee wa bara, mpishi mkuu katika nyumba za wageni kule Diani, Mkristo mshika kanisa, mtu wa kucheka kwa sauti. Friza yake iliwahi kuzima siku moja kabla ya Krismasi, nyama ya wageni imo ndani, na mafundi wake wote wamekwenda kwao kula sikukuu. Mimi Krismasi hainihusu, basi nilikwenda nikaitengeneza. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Friji ya jirani ikikohoa, yeye: "Muiteni yule mama wa Ukunda." Duka la pombe, yeye. Zahanati, yeye. Mpaka padri wake nilimtengenezea friji, haki ya Mungu.

Kwa hivyo sikuweka kibao wala sikumpa mtu kadi. Kwetu tumelelewa hivyo, mtu hajisifu. Mamangu akipakua pilau ya kumtoa mtu machozi, huwaambia wageni, "Karibuni, ingawa hakuna kitu." Na wageni wanajua maana yake, wanakula mpaka sufuria inang'aa. Nami mtu akiniuliza, "Utaiweza hii?" nilikuwa nikijibu kama nilivyofunzwa, "Tutajaribu, inshallah." Mtu wa pwani akisikia hivyo huacha friji yake na kwenda zake, moyo umetulia. Lakini Ukunda ya leo si ya watu wa pwani peke yao. Kuna bibi mmoja wa bara, mwenye duka la nyama, alinikata jicho akasema, "Madam, mimi nataka fundi anayejua, si wa kujaribu." Akabeba friji yake akaenda. Nilimtukana moyoni mpaka jioni.

Basi mpishi wangu akastaafu. Alikuja kuniaga na kuku wa kienyeji mkononi, akasema anarudi kwao kufuga mbuzi. Nilimshukuru, nikamwombea dua, nikamsindikiza mpaka stendi. Sikujua kwamba simu yangu nayo inapanda basi lile lile. Wiki zikapita, simu kimya. Nikawa naishika kuangalia kama haijaharibika. Wale wapishi wapya wa Diani wana mafundi wao, na wale wateja wa zamani, friji nilizowatengenezea zinafanya kazi. Hilo nalo liliniuma, ati nimeharibu soko langu kwa kutengeneza vizuri!

Hapo ndipo kaka yangu alipoingia. Chumba kile cha karakana ni cha marehemu babetu, na kaka ndiye msimamizi wake. Yeye anakaa Mackinnon Road, anauzia malori matairi, na mkewe ana hoteli ya chapati na maharagwe kando ya barabara. Alikuja akatazama friji zilizojaa vumbi, akatazama benchi tupu, akavua kofia akajipepea.

"Mdogo wangu," akasema, "kuna kijana anataka kuuza simu hapa. Nimemwambia angoje. Ramadhani ikiingia na hapa bado pamelala hivi, nitampa. Nawe uje Mackinnon Road umsaidie wifi yako. Chapati hazikosi wateja."

"Kaka, mimi ni fundi."

"Fundi wa nani? Niitie mteja mmoja nimuone."

Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Mimi sina ugomvi na chapati. Lakini nilikuwa nimeshajiona, kwenye moshi, na madereva wa malori wananiita "mama chai", na mikono hii inayojua kuunganisha bomba la shaba bila kuvuja inakanda unga. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Nilikuwa na muda mpaka mwezi wa kufunga uandame, basi.

Nikaanza na simu. Nilipiga picha ya mota niliyoitengeneza, nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Nikangoja. Jamaa wote wa Waa wakanijibu "Masha'Allah", na binamu mmoja, aliyedhani mota ni sufuria, akauliza nimeinunua wapi. Nikamwita mchoraji anichoree kibao ukutani. Alichora friji nzuri, milango miwili, lakini alikuwa kazoea kuchorea maseremala, basi akaipaka rangi ya mbao. Kesho yake akaja mwanamume kuulizia kabati la nguo la bintiye anayeolewa. Mwingine akataka kitanda. Wa tatu nilimfukuza kabla hajafungua kinywa, na huyo labda alikuwa na friji, Mungu anisamehe.

Mlango wa pili kutoka kwangu kuna shoga yangu, mkaanga mahamri na viazi karai. Alikuwa akinitazama haya yote huku anageuza mahamri yake. Siku moja akachoka.

"Hebu nikuulize. Mimi ukinikuta nimeweka sukari nyingi, mtaa mzima unakusikia. Leo kusema wewe ni fundi ndio umekuwa bubu?"

"Nijinadi kama muuza dagaa?"

"Muuza dagaa analala hana dagaa. Wewe una nini?"

Akanipeleka kwa mwenye tuktuk ya spika. Kila mtu Ukunda anaijua: tuktuk ya buluu, juu imefungwa spika kubwa, na mwenyewe ana sauti nzito, tulivu, inayofika mpaka jikoni. Kazi yake hasa ilikuwa kutangaza misiba. Mtu akifariki, yeye ndiye hupita mitaani na vijijini kuwajulisha watu maziko ni wapi na saa ngapi. Nilijua hilo, lakini nilifikiri sauti ni sauti tu. Nikamweleza: sema mimi ni nani, niko wapi, nafanya kazi gani. Akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Niachie mimi, dada. Kazi hii naijua."

Naam, aliijua. Tatizo ndilo hilo.

Asubuhi yake alianza mitaa ya Ukunda, akashika barabara ya Likoni mpaka Waa. Mimi nilikuwa karakana, kichwa kimezama ndani ya friza kubwa ambayo mwenyewe aliitelekeza, na mimi nimeitengeneza tu nisikae bure, siku hiyo namalizia mlango wake. Baadaye nilielezwa alivyotangaza, na walionieleza walikuwa wengi.

"Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh," alianza, polepole. "Tangazo. Tangazo. Tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio karibu na walio mbali, habari za binti wa marehemu mzee wetu wa hapa Waa..." Akamtaja babangu. Akamtaja kaka yangu wa Mackinnon Road. Akawataja mashangazi. "...naye ni yule fundi wa friji wa Ukunda." Kisha akanyamaza, kwa sababu hapo ndipo anaponyamaza siku zote, ili watu watoke milangoni wasikilize.

Nani alingoja kusikiliza? Waa nzima ilishika kichwa. Watu walikuwa wamesharudi ndani kutafuta leso na mikeka. Maneno ya gesi na mota alikuja kuyasema tuktuk ishasogea kijiji cha pili, na kule hawakuelewa anazungumza nini.

Mimi nikasikia vilio nje. Nikafikiri ni ajali ya bodaboda. Nikatoka, grisi mpaka kwenye viwiko, na mbele yangu akasimama shangazi yangu, mkubwa wa wote, kajitanda leso mbili, machozi yanamtiririka. Nyuma yake wanawake wa Waa, mmoja kabeba mkeka, wawili wameshika sufuria kubwa la kupikia matanga, masikio yake huku na huku.

"Wewe mzima?" akauliza.

"Mzima, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umetangazwa?"

Nikajaribu kueleza. Nilipofika kwenye neno "biashara" alinikumbatia, kisha akavua kiatu akanipiga nacho mgongoni, kisha akanikumbatia tena. Shoga yangu alikuwa ameacha mahamri yaungue, amekaa chini, anacheka hana sauti. Na watu wakazidi kuja. Kila tuktuk iliyosimama ilishusha watu wa kunizika. Niliona haya, jamani, nilitamani nirudi ndani ya friza nifunge mlango.

Lakini watu wameshakuja, na ni wageni wako. Jua la kaskazi lilikuwa linachoma mpaka kivulini. Shangazi akaamuru mikeka itandikwe barazani, "maadamu tumefika." Nikakumbuka kwamba ile friza niliyoitengeneza nilikuwa nimeijaribu tangu jana, na ndani yake nilitia maji na jagi la ukwaju nione itagandisha kwa kiasi gani. Nikautoa ule ukwaju, umeganda juu chengachenga, nikawapitishia. Unasikia meno tu yakivunja barafu.

"Ni friza gani hii?" mmoja akauliza.

"Ya zamani hiyo. Ilikuwa imekufa. Nimeitengeneza."

"Yangu hata maji haipozi. Na Ramadhani hii inakuja. Utaiweza?"

Jibu lilikuja lenyewe, mpaka kwenye ncha ya ulimi: tutajaribu, inshallah. Nikamwona shoga yangu ameshainuka, amenikazia macho. Nikawaona wanawake wote wale, wameketi, wananitazama mimi. Nikawaza hoteli ya wifi yangu. Nikapanda juu ya kreti ya soda.

"Naijua," nikasema. "Sikilizeni. Mimi friji naijua kuliko ninavyojua kupika. Nimeifanya kazi hii tangu usichana wangu, na hakuna friji Ukunda hii iliyonishinda isipokuwa iliyoliwa na kutu mpaka ikaisha."

Masikio yaliniwaka. Nilingoja radi inipige. Haikunipiga. Shangazi yangu akasema, "Enhe, endelea."

Basi nikaendelea! Nikawauliza, "Nani hapa barafu ikishikamana kwenye friza huitoboa kwa kisu?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. Kisha shangazi yangu akainua mkono polepole, na aliposhusha, mikono ilikuwa imeinuka mkeka mzima. "Haya, nyinyi ndio mnaoziua," nikawaambia. "Nyuma ya barafu pana bomba jembamba. Ukilitoboa, gesi inatoka, na friji inabaki kabati." Nikachukua karatasi nikaibana mlangoni nikaivuta, nikawaonyesha kwamba ikitoka kwa urahisi basi mpira umechoka na baridi inakimbia. Nikaigeuza friza wakaona mgongo wake, nikawaonyesha jinsi hewa ya chumvi inavyokula vyuma na namna ya kuvifuta. Walisogea na mikeka yao. Waliuliza, wakabishana, wakasutana. Mwanamke mmoja muuza samaki kutoka Msambweni, aliyekuwa amekuja Waa kwa dadake akaburutwa na msiba, akasema, "Maneno haya uje uyaseme kwetu. Tuna friza la kikundi, kila mwezi linakufa, na fundi akija anatufukuza tusione anachokifanya."

"Nitakuja," nikasema. "Na nitalifungua mbele yenu nyote."

Kaka yangu aliwasili baada ya adhuhuri. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, imejaa miito yake. Alishuka kwenye gari la rafiki yake, macho mekundu, kofia kaishika mkononi, akaniona nimesimama juu ya kreti na watu wanacheka. Alisimama kama aliyepigwa na umeme.

"Kumbe u hai?"

"Kaka, shikamoo."

"Shikamoo gani! Umenitia presha! Nimekulilia kutoka Mackinnon Road mpaka hapa, dereva shahidi!" Akafoka, akafoka, kisha akakaa kwenye benchi akafunika uso akalia upya mbele za watu. Sikuwahi kumwona analia, hata babetu alipofariki. Nilimletea ukwaju. Moyo wangu uliyeyuka, sitasema uongo. Lakini alipomaliza kunywa akatazama mikeka, akajifuta, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nimefurahi u mzima. Lakini watu wa matanga si wateja. Neno langu ni lile lile."

Hasira ikarudi yote. Na nilimshukuru kwayo, maana ndiyo niliyoamka nayo kesho yake.

Mwenye tuktuk alikuja kuniomba radhi, kajiinamia. Nikamwambia radhi yake ni kupita tena. "Lakini safari hii anza na friji, babangu asubiri mwisho." Akapita. Watu wakatoka milangoni wakipiga makofi. "Ni yule marehemu wa friji!" Watoto wakawa wanaifuata tuktuk. Hakukuwa na nyumba kutoka Ukunda mpaka Waa isiyojua kwamba kuna mwanamke aliyetangazwa msiba akakutwa anatengeneza friza. Mchoraji nikamrudisha, akaipaka friji yangu rangi nyeupe.

Nikaenda Msambweni. Lile friza la kikundi lilikuwa limejaa pweza na wenyewe wamejaa wasiwasi. Nililifungua mbele yao kama nilivyoahidi, kila ninachokigusa nakitaja, kila ninachokitoa nakipitisha mikononi mwao. Lilipoanza kunguruma walipiga vigelegele, na nilipoondoka nilikuwa nimealikwa kwenye vikundi vingine ambavyo hata sikuvijua. Nikaenda Diani, geti kwa geti, bila kutumwa na mtu. Meneja mmoja wa bara, mwanadada wa kiatu kirefu, akanitazama juu mpaka chini. "Na una uhakika unaijua hii kazi?" Nikamwomba karatasi, nikaibana kwenye mlango wa friji yake, ikadondoka yenyewe. "Mimi naijua," nikamwambia. "Aliyekuuzia mpira huu ndiye hajui." Alicheka. Akanionyesha jiko zima.

Na yule bibi wa duka la nyama, yule aliyenikata jicho, alikuja mwenyewe na friji yake kwenye mkokoteni. Nilimkaribisha vizuri sana. Utamu niliousikia siku ile siwezi kuueleza.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuandama kaka aliporudi. Alikuja na yule kijana wa simu, kabeba futi ya kupimia. Waliteremka wakakuta baraza imejaa: friji zimesimama, friza zimelala, wenyewe wameketi katikati wanapiga soga. Kaka akajaribu kupenya. Yule muuza samaki wa Msambweni, aliyekuwa ameleta friza la jirani yake, akanyoosha mkono akamzuia.

"Foleni, baba."

"Mimi ndiye mwenye nyumba," kaka akasema.

"Nyumba ni yako. Zamu si yako."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa ndani, tochi ya gesi inawaka, naunganisha bomba, siwezi kuacha. Lakini nilikuwa nawaona wote kupitia mlangoni. Nilimwona kijana wa simu akitafuta pa kuweka futi yake, akikosa. Nilimwona kaka akitazama friji moja, nyingine, nyingine, midomo inachezacheza kama anayesoma.

"Mzee," kijana akauliza, "nianze kupima wapi?"

Kaka akavaa kofia yake vizuri.

"Usipime. Hapa pana mwenyewe," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Tafuta kwingine, mwanangu."

Nilizima tochi. Machozi yalinitoka wazi, sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na grisi, na hata ingekuwa safi nisingeyafuta. Niliyapigania. Nilitoka nikasimama mlangoni, na kaka akanitazama, na kwa kuwa sote ni watoto wa nyumba moja, isiyojua kusifu, akakohoa tu akauliza kama nimekula.

"Bado," nikamwambia. "Na hilo friza la Msambweni linataka kuingizwa ndani, zito. Shika upande huo."

Akakunja mikono ya kanzu yake, akainama, akashika. Tukaliinua pamoja, naye akaenda nilikomwelekeza.